Wino, Moto na Mlima: Kutoka Jingdezhen hadi Ueno

Jingdezhen

Kingo za Mto Chang mjini Jingdezhen zimejaa vigae. Ukifukua mchanga kidogo unaokota ukingo wa sahani, kitako cha kikombe, kipande cha bakuli chenye ua la buluu lililokatika nusu. Mji huu wa mkoa wa Jiangxi, kusini mwa China, umechoma vyombo vya kauri kwa zaidi ya miaka 1,000, na vilivyoharibika vyote vimebaki chini ya miguu ya wakazi wake. Jina ulipewa mwaka 1004. Mfalme Zhenzong wa ukoo wa Song alivipenda vyombo vyake hata akaupa mji jina la enzi yake, Jingde.

Safari ilianzia hapo kwa sababu sanaa ya kale ya China na Japani, ninayoisoma kwa miaka mingi, imejaa istilahi za kazi ya mikono. Vitabu hutaja cun, fenshui, tarashikomi na haboku kana kwamba kila msomaji amewahi kumwona fundi akizifanya. Nilitaka kuona mikono hiyo, na udongo, karatasi na wino inavyovishika.

Kauri ya hapa hutengenezwa kwa vitu viwili. Cha kwanza ni jiwe, linalopondwa kuwa unga kwa nyundo za mbao zinazoinuliwa na gurudumu la maji. Katika bonde la Sanbao, nje kidogo ya mji, mdundo wa nyundo hizo unasikika kabla hujakiona kijito. Cha pili ni udongo mweupe wa kilima cha Gaoling, kilichoipa dunia neno kaolini. Motoni jiwe huyeyuka likashikana kama kioo, na udongo, usioyeyuka upesi, hukishikilia chombo kisilegee joto linapofika nyuzi 1,300 hivi.

Katika warsha za hapa hakuna mtu anayetengeneza bakuli peke yake. Anayekaa kwenye gurudumu hulifinyanga nene makusudi. Likikauka, hulichukua mwenzake mwenye vyuma vya kukwangulia, akalizungusha na kulipunguza huku akiligonga kwa kidole asikilize unene uliobaki. Mwandishi Song Yingxing, katika kitabu chake cha mwaka 1637 kuhusu kazi za ufundi, alisema kikombe kimoja hupita mikono 72 kabla hakijakamilika. Ukikaa warshani asubuhi moja unaamini.

Mikono niliyoitazama kwa muda mrefu zaidi ilikuwa ya mama mmoja mchoraji. Alikuwa amekwisha kuchora mistari ya ua la yungiyungi kwenye bakuli bichi, lisilochomwa bado. Kisha akachukua brashi nene yenye tumbo kubwa, akaichovya kwenye maji ya kobalti, akaliweka tone zima ndani ya jani la ua. Brashi haikugusa udongo. Aliligusa lile tone tu, akalivuta kutoka ukingo hadi ukingo, na mwisho akalinyonya maji yaliyozidi. Hiyo ndiyo fenshui, kuyagawa maji. Udongo mkavu hunywa papo hapo. Akichelewa nukta moja, linabaki doa ambalo hakuna wa kuliondoa. Na wakati huo wote rangi aliyokuwa akiifanyia kazi ilikuwa ya kijivu chafu, kwa maana kobalti haiwi buluu mpaka ipite motoni chini ya utando wa kioo. Alikuwa akipima kina cha buluu ambayo hajaiona.

Kobalti iliyoupa mji sifa ilisafirishwa kutoka Uajemi, wakati Wamongolia wa Yuan wanatawala. Vyombo viwili vya kale vilivyo katika Makumbusho ya Uingereza mjini London, vinavyojulikana kama vyombo vya David, vimeandikwa mwaka unaolingana na 1351, na kwa hivyo ndivyo wataalamu wanavyovitumia kukadiria umri wa kauri za buluu na nyeupe za wakati huo. Vilitolewa viwe sadaka katika hekalu moja la mkoa huuhuu wa Jiangxi.

Mchana nilikwenda penye tanuri za kifalme. Makumbusho yake yamejengwa na msanifu Zhu Pei kwa matao marefu ya matofali yenye umbo la matanuri, na baadhi ya matofali yenyewe yaling'olewa kwenye matanuri ya zamani. Ndani, kabati baada ya kabati, mna vyombo vilivyovunjika na kuunganishwa. Chombo cha mfalme kikitoka na kasoro, hata ndogo, kilipasuliwa na kufukiwa ili mtu mwingine asikitumie. Wachimbuaji wa mambo ya kale walivifukua na kuviunga kigae kwa kigae. Mimi navipenda kuliko vile vizima, kwa sababu penye ufa unaiona kauri kwa ndani, nyeupe mpaka kwenye kiini.

Hapo pia ndipo panapoeleweka doucai. Mistari ya mchoro huchorwa kwa buluu chini ya utando wa kioo, chombo kikachomwa, kisha nafasi zilizobaki zikajazwa nyekundu, kijani na manjano juu ya utando, na chombo kikachomwa tena kwa moto mdogo. Vikombe vidogo vya kuku vya Mfalme Chenghua, vya karne ya 15, vimefanywa hivyo. Kimoja kiliuzwa Hong Kong mwaka 2014 kwa zaidi ya dola milioni 36 za Marekani. Bei ilitangazwa duniani kote. Jambo ambalo halikutangazwa sana ni kwamba kuku yule na vifaranga vyake wamechorwa mara mbili, kwa viwango viwili tofauti vya joto, kwenye kikombe kinachofichika kiganjani.

Jing Xian

Kaskazini zaidi, katika mkoa wa Anhui, milima ya wilaya ya Jing ina mabaka meupe yanayoonekana kutoka mbali. Ukikaribia unakuta ni magome ya mti uitwao qingtan na majani makavu ya mpunga, yaliyochemshwa kwa chokaa na kuanikwa juu ya mawe ya mteremko. Hubaki huko miezi mingi, yakipigwa jua na mvua, yakigeuzwa na kuchemshwa tena, mpaka weupe uje wenyewe. Karatasi inayotokana nayo huitwa xuan, na UNESCO iliuingiza utengenezaji wake katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2009.

Mafundi wawili husimama pande mbili za birika. Wanazamisha chujio la vijiti vyembamba vya mianzi, wanalitikisa, wanaliinua, na maji yakichuruzika linabaki tabaka laini kama ukungu. Kwenye birika hutiwa ute wa mmea mtambaa wa kiwi mwitu, unaofanya nyuzi zielee sawasawa na kuziwezesha karatasi mbichi kurundikwa mamia kwa mamia bila kugandamana. Baadaye kila moja hubanduliwa na kulazwa kwenye ukuta wenye moto kwa ndani, ikasawazishwa kwa brashi iliyotengenezwa kwa majani ya msonobari. Chumba hicho ni cha joto kali. Wafanyakazi wake huwa vifua wazi, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuzungumza.

Msimamizi, niliyemwita shifu kama wote wanavyomwita, alinipa vipande viwili na brashi. Kwenye cha kwanza tone la wino lilisambaa mpaka likawa na ukingo wa manyoya. Kwenye cha pili lilikaa palepale. Cha pili kilikuwa kimepakwa gundi na shabu. Tofauti hiyo imeigawa sanaa ya China njia mbili kubwa. Wachoraji wa gongbi, wa mistari myembamba na rangi zinazopakwa tabaka juu ya tabaka, huhitaji karatasi au hariri isiyonywa. Wa xieyi, wanaochora kwa pigo la haraka, huitaka ile inywayo, kwa sababu inatunza kila kitu: kasi ya mkono, kiasi cha maji, hata mahali brashi iliposita.

Huangshan

Chakula cha jioni mjini Tunxi kilikuwa samaki wa mtoni aliyeachwa avunde kwa chumvi, kisha akakaangwa na kupikwa kwa pilipili na tangawizi. Harufu yake inamtangulia mezani, na nyama yake inaachana vipande vyeupe, imara, vitamu. Nyumba za huku, nyeupe zenye kuta ndefu na vigae vyeusi, zilijengwa na wafanyabiashara wa Huizhou, na fedha zao ndizo zilizowalisha mafundi wa wino na wa mawe ya kusagia wino.

Asubuhi ilikuwa ya kupanda Huangshan. Mlima huu ni itale tupu. Una minara na nyufa zinazoshuka wima, na misonobari imeota mahali ambapo hata vumbi halionekani. Kilele chake kirefu, Lianhua, kina mita 1,864. Mawingu huingia mabondeni kutoka chini na kuacha ncha peke yake. Kabla ya hapo niliamini kwamba wachoraji wa China walibuni mandhari yao. Huku juu wanaonekana walikuwa wakiandika walichokiona.

Penye mawe haya ndipo nilipoielewa cun, jina la mapigo ya brashi yanayoupa mwamba ngozi yake. Kuna pigo la shoka, ambapo brashi hulazwa ubavu na kuburutwa ili iache alama pana kama jeraha la mti, nalo lafaa miamba mikali. Li Tang alilitumia katika mchoro wake wa mwaka 1124 wa upepo kwenye misonobari, ulioko Taipei. Kuna pigo la nyuzi za katani, mistari mirefu iliyolegea, ifaayo vilima vya udongo vya kusini. Mchoraji hakuchagua pigo kwa kupenda tu. Alisoma kwanza mlima ni wa jiwe gani.

Mtu wa Huangshan hasa ni Hongren, aliyezaliwa wilaya ya She mwaka 1610. Ukoo wa Ming ulipoanguka mwaka 1644 na Wamanchu wakaitwaa nchi, alikataa kuwatumikia na baadaye akawa mtawa wa Kibuddha. Miamba yake karibu haina cun kabisa. Ni mistari mikavu, pembe kwa pembe, na weupe mtupu katikati. Wengine humwona baridi. Nikiwa mbele ya ukuta wa itale ambao jua la asubuhi limeufuta vivuli vyote, niliona kwamba hakuacha kitu. Hivyo ndivyo ukuta ulivyo.

Mto Fuchun na Hangzhou

Kusini-magharibi ya Hangzhou Mto Fuchun ni mpana na mtulivu, na vilima vyake ni vya mviringo, vya udongo, vya nyuzi za katani. Huang Gongwang aliishi huku uzeeni na kuvichora katika gombo refu alilolimaliza mwaka 1350, akiwa na miaka zaidi ya 80. Lilimchukua miaka kadhaa, akiongeza kidogo kidogo kila alipojisikia. Gombo la namna hii halitundikwi ukutani. Hufunguliwa mezani kutoka kulia, kiasi cha mikono miwili, na kinachopita hukunjwa, hivyo mtazamaji husafiri nalo.

Mwaka 1650 mmiliki wake, Wu Hongyu, akiwa mahututi, aliagiza lichomwe ili aende nalo. Lilitupwa motoni kweli. Mpwa wake akalipokonya, lakini lilikuwa limeshaungua na kukatika vipande viwili. Kipande kirefu kiko Taipei. Kifupi, kiitwacho Mlima Uliosalia, kiko katika makumbusho ya mkoa wa Zhejiang, hapahapa Hangzhou. Mwaka 2011 vilikutanishwa Taipei kwa maonyesho, kisha kila kimoja kikarudi kwake.

Hangzhou yenyewe ilikuwa makao makuu ya Song ya Kusini. Jioni, ukungu unaposhuka juu ya Ziwa Magharibi, nusu ya ziwa hutoweka, na unaelewa kwa nini Ma Yuan, mchoraji wa jumba la kifalme, alizoea kuweka kila kitu kwenye pembe moja ya hariri na kuiacha iliyobaki wazi. Alipewa jina la Ma wa Pembe Moja. Kwenye hekalu la Liutong, kando ya ziwa hilohilo, aliishi mtawa Muqi, ambaye nchi yake haikumthamini sana. Kwake tutafika kupitia Japani.

Longquan

Matanuri ya Longquan hulala mlimani. Ni mahandaki marefu ya matofali yanayopanda mteremko, na moto ukiwashwa chini hupanda wenyewe kutafuta juu. Huitwa matanuri ya joka. Fundi akiunyima moto hewa, chembe chache za chuma zilizomo kwenye utando wa kioo hugeuka kijani. Kijani chenyewe si kimoja. Kipo cha maziwa kinachoelekea buluu, kipo cha zaituni, na kipo kile kinachosifiwa kuliko vyote, cha tunda bichi la plamu, kinachopatikana kwa kupaka utando mara kadhaa mpaka uwe mnene kiasi cha kukamata mwanga ndani yake.

Nilipolishika bakuli la namna hiyo nililifahamu kabla ya kuambiwa chochote. Vigae vya kijani hiki vimefukuliwa Gedi, karibu na Malindi, tangu James Kirkman alipoanza kuchimba magofu yale mwaka 1948, na vingine vimeonekana Kilwa na miji mingine ya pwani yetu. Waswahili wa karne ya 14 na 15 waliingiza sahani za China kwenye kuta za misikiti na nguzo za makaburi, na Kunduchi, Dar es Salaam, mashimo zilimokaa sahani bado yapo. Mkono uliolipaka utando bakuli la Gedi ulifanya kazi kwenye mteremko kama huu, na mwenye bakuli na mfinyanzi hawakuwahi kusikia jina la mwenzake.

Ningbo

Bandari hii ilikuwa mlango. Hapa walishuka watawa wa Kijapani waliokuja kusoma Zen, na hapa zilipakiwa picha, vyombo na sarafu walizorudi nazo. Meli moja iliyotoka Ningbo mwaka 1323 ilizama karibu na Sinan, pwani ya Korea. Ilipogunduliwa katika miaka ya 1970 ilitoa vyombo vya kauri zaidi ya 20,000, vingi vikiwa vya kijani cha Longquan, na tani 28 hivi za sarafu za China. Vibao vya mbao vilivyofungwa kwenye shehena vilitaja hekalu la Tofukuji la Kyoto.

Kyoto

Mwezi Oktoba, hewa ikikauka, hekalu la Daitokuji huanika hazina zake. Kwa siku moja magombo hutundikwa katika vyumba vya mikeka, sio kwa ajili ya watazamaji kwanza bali ili unyevu utoke na wadudu wasiingie. Watu huvua viatu na kupita kimya, mmoja nyuma ya mwingine.

Picha tatu za Muqi zilikuwa chumba cha ndani. Katikati ameketi Guanyin, mwenye huruma, kwa joho jeupe juu ya mwamba. Upande mmoja korongo anatoka kwenye mianzi akifungua mdomo. Upande wa pili giboni na mtoto wake wamekaa kwenye tawi la msonobari. Nilipata nafasi ya kuinama karibu na giboni. Manyoya yake yamechorwa kwa brashi iliyokaribia kukauka, nywele zake zikiachana, kwa mapigo mafupi yanayofuata mgongo, na uso ni madoa machache tu. Lakini mkono wa mama umemkumbatia mtoto kwa uzito unaoonekana. Hariri imezeeka ikawa kahawia, na ukungu aliouacha Muqi bila kuuchora bado ni ukungu.

Wakosoaji wa China enzi ya Yuan waliuita mkono huu mkwaruzo, usiofuata mbinu za wahenga. Picha zake zilihifadhiwa Japani, na huko zikazaa. Mchoraji Hasegawa Tohaku, aliyefariki mwaka 1610, alizisoma picha hizi tatu kwa makini, na misonobari yake maarufu ndani ya ukungu isingekuwapo bila hizo. Katika Ryokoin, hekalu dogo ndani ya Daitokuji lisilofunguliwa kwa wageni, kuna matunda sita ya kaki yanayosemekana ni ya Muqi. Yamepangwa bila meza wala kivuli, na kila moja lina kiwango chake cha wino, kutoka karibu maji matupu hadi weusi wa makaa. Mwandishi Zhang Yanyuan alikwisha kueleza mwaka 847 kwamba wino ukitumiwa vizuri unatosha kuzibeba rangi zote tano. Matunda hayo sita ni ushahidi wake.

Kesho yake ilikuwa zamu ya hekalu la Kenninji, lenye nakala ya visitiri vya kukunja vya Tawaraya Sotatsu, Mungu wa Upepo na Mungu wa Radi; vyenyewe vimewekwa katika Makumbusho ya Taifa ya Kyoto. Miungu miwili imesukumwa kwenye kingo za kushoto na kulia, na katikati ni dhahabu tupu. Watu huangalia misuli na ngoma. Mimi namwomba msomaji aangalie mawingu chini ya miguu yao. Ni tarashikomi: mchoraji hupaka tabaka la wino mwepesi, na kabla halijakauka hudondoshea mzito, akauacha utafute njia. Wino hujikusanya kingoni na kufanya madimbwi ambayo mkono haungeweza kuyachora. Ogata Korin, aliyezaliwa mwaka 1658 na asiyewahi kumwona Sotatsu, alizinakili picha hizi. Karne moja baadaye Sakai Hoitsu akazinakili za Korin. Ukoo huo wa wachoraji, uitwao Rinpa, haukurithishana kwa darasa. Kila mmoja alimchagua mwalimu wake kati ya marehemu.

Warsha ya kuunga vyombo niliipitia kwa muda mfupi tu. Kintsugi hujulikana kwa dhahabu yake, ila kazi ni ya urushi, utomvu wa mti unaowasha ngozi, ambao haukauki kwa jua. Chombo kilichoungwa hufungiwa kabatini penye joto na unyevu, siku nyingi, ndipo utomvu ugande. Dhahabu hunyunyizwa mwisho.

Nara

Novemba ilipoingia nilikwenda Nara, kwa kuwa wino hutengenezwa miezi ya baridi tu. Gundi inayotumika hutokana na ngozi za wanyama, na joto la kiangazi huiozesha. Watawa wa Kofukuji walikusanya masizi ya taa za madhabahuni zamani, na nyumba ya Kobaien inatengeneza wino tangu mwaka 1577.

Chumba cha masizi ni cheusi mpaka darini. Taa za mafuta zimepangwa mistari kwa mistari, kila moja ikiwaka chini ya bakuli la udongo, na mfanyakazi huzunguka akiyageuza mabakuli kidogo kidogo ili masizi yasikusanyike upande mmoja. Utambi mwembamba hutoa masizi laini, na masizi laini hutoa wino wenye kina zaidi. Katika chumba kinachofuata masizi hukutana na gundi ya moto, na fundi hulikanda donge kwa miguu kisha kwa mikono, huku jasho likichora mistari myeupe kwenye ngozi yake. Hulibana ndani ya kalibu ya mti wa mpea. Mche unaotoka huzikwa kwenye majivu, leo ya unyevu, kesho makavu zaidi, ili usipasuke kwa kukauka ghafla, kisha hufungwa kwa nyasi na kuning'inizwa. Mche mzuri huwekwa miaka kadhaa kabla ya kuuzwa.

Niliruhusiwa kukibana kipande kwa kiganja. Donge lilikuwa vuguvugu, laini, la kunata, na harufu yake ilikuwa ya kafuri. Alama za vidole zilibaki.

Majira hayohayo Makumbusho ya Taifa ya Nara huonyesha kila mwaka baadhi ya vitu vya Shosoin, ghala la mbao lililopokea hazina ambazo Komyo, mjane wa Mfalme Shomu, alizitoa kwa hekalu la Todaiji mwaka 756. Miongoni mwa hazina za ghala hilo imo miche ya wino iliyotengenezwa katika ufalme wa Silla wa Korea. Nilikula sushi ya samaki iliyofungwa kwa jani la mkaki, chakula cha mji huu, nikiwa nimekaa ukingoni mwa bustani, na paa wakinitazama mikono.

Tokyo

Tokyo ilikuwa Edo, na Edo ilipenda picha za kupigwa chapa. Mwaka 1765 wachapaji waliokuwa wakifanya kazi na mchoraji Suzuki Harunobu walifaulu kuchapa rangi nyingi kwenye karatasi moja. Siri ni alama mbili ndogo zinazochongwa kwenye kila ubao, pembeni na chini, ambazo karatasi huegemezwa ili kila rangi iangukie mahali pake. Katika warsha moja mchapaji kijana alipaka rangi kwenye ubao wa mcheri, akalaza karatasi, na kuisugua mgongoni kwa kisahani kilichofungwa ganda la mwanzi. Kwa anga alilowanisha sehemu ya ubao kwa kitambaa kabla ya kupaka, na buluu ikafifia yenyewe kuelekea chini. Katika picha ya Hokusai ya wimbi kubwa, ya mwaka 1831 hivi, buluu hiyo ni rangi iliyovumbuliwa Berlin.

Kituo cha mwisho kilikuwa Makumbusho ya Taifa, Ueno. Hapo huhifadhiwa bakuli la Longquan ambalo liwali mkuu wa kijeshi Ashikaga Yoshimasa, katika karne ya 15, alilikuta na ufa, akalituma China aletewe jingine kama lile. Jibu lilikuwa kwamba hakuna tena linalofanana nalo. Lilirudishwa likiwa limefungwa kwa vibanio vya chuma, na vibanio hivyo vipo mpaka leo, vimekaa juu ya kijani kama panzi.

Hapo pia, kwa vipindi tu kwa sababu mwanga huiumiza karatasi, huonyeshwa mandhari ya haboku ya Sesshu. Mtawa huyu alivuka bahari hadi China kati ya mwaka 1467 na 1469, akaheshimiwa katika hekalu la Tiantong karibu na Ningbo, akazunguka nchi akichora. Picha hii aliifanya mwaka 1495, akiwa na miaka 76, akampa mwanafunzi wake Soen aliyekuwa akirudi nyumbani. Wino mwepesi umemwagwa kwanza, na mweusi ukapigwa juu yake ungali mbichi. Inachukua muda jicho kutulia. Kisha doa linakuwa jabali lenye miti, mistari michache chini yake inakuwa paa la kilabu cha pombe na bendera yake, na pembeni, ambapo pangali maji, watu wawili wanapiga kasia.

Juu ya picha Sesshu aliandika maelezo kwa mkono wake. Anataja kwamba alikwenda China kutafuta walimu, na anawataja wawili aliojifunza kwao rangi na kumwaga wino. Halafu anaeleza kwamba aliporudi ndipo alipotambua ukubwa wa Josetsu na Shubun, wachoraji waliomtangulia hapo Kyoto, na jinsi walivyozishika mbinu za wazee bila kuongeza wala kupunguza. Watawa sita wa Kyoto waliongeza mashairi yao juu ya maandishi hayo, na kwa hivyo sehemu kubwa ya gombo hilo refu ni maneno, na mlima wenyewe umebaki chini kabisa, kwenye nafasi ambayo mikono miwili inaweza kuifunika.